Ushahidi wa Kufanana: Macho ya Popo na Nasaba ya Viumbe

Katika masuala ambayo mafakihi wa Kiislamu waliyafikiri kwa kina na wakakhitalifiana juu yake kwa heshima, limo suala la kufanana: je, mtoto akichukua umbo la mtu fulani, umbo hilo ni hoja ya nasaba mbele ya kadhi, au ni jambo la kupita machoni tu lisiloweza kubeba uzito wa hukumu? Imepokewa katika hadithi mashuhuri kwamba watu wa Madina walimsengenya Usama bin Zayd, kwa kuwa baba yake alikuwa mweupe na yeye mweusi, hata siku moja akaingia Mujazziz, mtu wa Banu Mudlij, kabila lililosifika kwa kusoma nyayo na maumbile, akawakuta baba na mwana wamelala, shuka imewafunika vichwa na miguu yao iko nje. Naye, pasi na kuziona nyuso zao, akatamka kwamba miguu ile ni ya damu moja. Mtume (s.a.w.) akaingia kwa Bibi Aisha uso wake unang'aa kwa furaha. Kwa hadithi hii Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo na wengi wetu katika pwani hii, aliukubali ushahidi wa maumbile mahali penye shaka, na Abu Hanifa akaukataa, akiona kwamba kufanana ni dhana, na dhana haijengi ukoo.

Nimelitanguliza suala hili kongwe kwa sababu katika zama zetu limerudi kwa mlango ambao mafakihi wasingeutarajia. Limerudi kupitia mishipa ya fahamu inayotoka katika jicho la popo kwenda katika ubongo wake, na mzozo uliozuka juu ya mishipa hiyo unamgusa mkazi wa Mkongani kuliko anavyodhani, kwani popo ni jirani yake wa kila usiku. Hapa kwetu, ambako misitu ya akiba ya Mkongani Kaskazini na Mkongani Magharibi imepakana na hifadhi ya Shimba, popo wala matunda hushuka jua likichwea juu ya mikorosho, juu ya miembe ya ngowe na mapera ya uani, na dume la popo mwenye mashada meupe mabegani hulia usiku kucha kwa mlio mmoja usiobadilika, akiwaita majike. Wenye mashamba huwalaani kwa maembe yao na mabibo yao. Wazee wetu walimweka popo mahali pa peke yake, si katika ndege wala si katika wanyama, na hekaya zikasimulia jinsi alivyokataliwa na pande zote mbili.

Wanazuoni wa Kiarabu nao walimstaajabia, walakini kwa mapenzi zaidi. Miongoni mwa wafasiri wa Kurani wapo waliosema kwamba ndege ambaye Nabii Isa (a.s.) alimfinyanga kwa udongo na akapata uhai kwa idhini ya Mungu alikuwa popo, na sababu waliyoitoa ni kwamba hakuna kirukacho kilicho cha ajabu kumshinda: huruka bila ya manyoya ya ndege, ana meno, ana matiti, na huzaa wala hatagi. Al-Damiri, aliyefariki mwaka 1405, alimpa sehemu yake katika kamusi yake kubwa ya wanyama, na kabla yake al-Jahiz wa Basra alikuwa amekwisha kuandika mengi juu ya popo na mwanga. Na wakati ule ilikuwako kanuni iliyopokewa kwa Waarabu wa kale, kwamba kila chenye masikio yaliyochomoza huzaa na kila chenye masikio yaliyofichika hutaga. Na popo, kwa masikio yake marefu, aliwekwa upande wa wazaao, kwa haki kabisa. Kanuni hiyo inavunjwa na pomboo tuwaonao Kisite, wasio na masikio ya nje na ambao wanazaa. Hata hivyo ni kanuni ya mtu aliyetazama kwa makini, akatafuta katika kiungo kimoja habari ya kiungo kingine kisichoonekana.

Laiti watu wale wangaliletewa platipasi! Mnyama huyo wa Australia ana manyoya kama ya fuko, ana mdomo mpana kama wa bata, hunyonyesha watoto wake kwa maziwa yatokayo katika ngozi bila ya chuchu, na hutaga mayai. Masikio ya nje hana. Ngozi yake ilipofika Uingereza na George Shaw akaieleza kwa maandishi mwaka 1799, ilidhaniwa kuwa huenda ni hila ya mshonaji aliyeunga mdomo wa bata kwenye mwili wa mnyama. Na ilipita karibu miaka themanini na mitano kabla ya William Caldwell kuthibitisha, mwaka 1884, kwamba kweli hutaga. Ndugu yake ni ekidna, mwenye miiba, alaye sisimizi na mchwa. Hawa wawili ndio mabaki ya mlango wa wanyama wanyonyeshao uliotengana na milango mingine yote zamani sana, na kwa ajili hiyo kila mwenye kutaka kujua ubongo wa mnyonyeshaji ulianzaje huanza kwa kuwatazama wao. Wanazuoni wa Basra walishangazwa na kirukacho kinachozaa, na wa London wakashangazwa na kinyonyeshacho kinachotaga. Mshangao ni mmoja, wa akili iliyozoea kuyaona mambo mawili pamoja kisha ikayakuta yametengana.

Sasa hapana budi nieleze njia ya kuona, kwani mzozo wote umesimama juu yake. Aliyeitafuta njia hiyo kwa kipimo na majaribio katika ulimwengu wa Kiislamu ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi na kufa Misri katika karne ya kumi na moja ya Miladi. Alithibitisha kwamba nuru ndiyo iingiayo jichoni, na kwamba jicho halitoi miali ya kwenda kukigusa kitu kama walivyodai wengi wa Wayunani. Na akafundisha kwamba mishipa ya macho mawili hukutana mbele ya ubongo katika mshipa mmoja wa pamoja, na hapo sura mbili huungana zikawa moja, ndiyo maana mtu mwenye macho mawili haoni mbalamwezi mbili. Alikosea katika namna ya kuungana, lakini mahali pa kutafuta alipaona. Miaka mia nane baadaye Mhispania Santiago Ramón y Cajal, akitazama kwa hadubini, alijaribu kueleza kwa nini nyuzi za mishipa hiyo hupishana, za jicho la kulia zikaenda kushoto na za kushoto zikaenda kulia, kama miyaa inavyopishana katika ukili: alisema kwamba sura iingiayo jichoni hupinduliwa na lenzi, na kwamba kupishana kwa nyuzi ndiko kunakoirudishia dunia mpangilio wake ubongoni.

Walakini si viumbe vyote vinavyopisha nyuzi kwa kadiri moja. Kwa mwanadamu, zaidi kidogo ya nusu huvuka, na zilizosalia hubaki upande wake. Campbell na Hayhow walipoichunguza njia hii katika ekidna mwaka 1971 na katika platipasi mwaka uliofuata, walikuta kwamba karibu nyuzi zote huvuka kwenda upande wa pili, na chache mno ndizo zibakiazo. Macho yao hutazama pembeni zaidi kuliko mbele, na haja ya kuunganisha sura mbili ni ndogo. Na platipasi, azamapo mtoni kutafuta chakula, hufumba macho, masikio na pua kwa pamoja, akawinda kwa mdomo wake, ambao una maelfu ya vipokezi vinavyohisi umeme hafifu utokao katika misuli ya viumbe vya majini. Ni kiumbe anayeyafumba macho ili apate riziki yake, na riziki haimpiti.

Katika nyani wote, tumbili, mbega na sisi wanadamu, na hata komba wa usiku, ipo tabia moja ya njia hii ambayo kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni alama ya ukoo huo peke yake. Ubongo wa kati una vilima viwili, kimoja kila upande, vinavyopokea habari za macho kwa ajili ya kugeuza kichwa na kuelekeza mboni. Katika wanyama wengi wanyonyeshao, kilima cha kushoto hupokea habari za jicho la kulia lote zima, na cha kulia hupokea za jicho la kushoto. Katika ukoo wa nyani na komba sivyo: kilima cha kushoto hupokea kutoka macho yote mawili, lakini kwa zile sehemu tu zinazoitazama dunia ya upande wa kulia, na cha kulia vivyo hivyo kwa upande wa kushoto. Dunia imegawanywa kati kwa kati, na kila nusu ikapewa mlinzi mmoja mwenye kutumikiwa na macho mawili.

Mwaka 1986, John Pettigrew wa Chuo Kikuu cha Queensland, mtu ambaye pia aliwasoma kwa mapenzi makubwa platipasi na hisi yao ya umeme, aliandika katika jarida la *Science* kwamba ameikuta alama hiyo hiyo katika popo wakubwa wala matunda wa jenasi ya *Pteropus*. Kutokana na hayo akajenga dai kubwa: kwamba popo wala matunda si ndugu wa popo wadogo walao wadudu, bali ni ndugu wa nyani waliojaaliwa kuruka, na kwamba mbawa zilipatikana mara mbili. Dai halikuwa geni kabisa, kwa kuwa Linnaeus mwenyewe, mwaka 1758, aliwaweka popo katika daraja moja na mwanadamu, nyani na lemuri, ijapokuwa hakuwa na habari ya mishipa. Pettigrew alifanya sawasawa alivyofanya Mujazziz. Nyuso zilikuwa zimefunikwa, maana uso wa popo na uso wa mtu havifanani hata kidogo. Yeye akatazama kiungo kilichofichika, akasema: damu moja.

Nakiri kwamba nilivutwa sana na hoja hii, na sioni kuwa ni ujinga kuvutwa nayo. Mbawa zaweza kufanana kwa kuwa hewa ni moja na kila arukaye hana budi kuitii. Bali mpango wa nyuzi ndani ya fuvu, ambao haugusi hewa wala haugusi tunda, ungetarajiwa kuhifadhi kumbukumbu ya ukoo kwa uaminifu zaidi. Ushahidi uliofichika huonekana kuwa mwaminifu kwa sababu hauna la kupata kwa kusema uongo.

Shahidi wa pili alitoka, kwa namna fulani, katika mapango yetu. Pwani ya kusini, kuanzia Shimoni na Fikirini, ardhi ni jabali la matumbawe lililochimbwa na maji kwa karne nyingi, na katika mapango ya namna hiyo hukaa popo wa aina mbalimbali, juu ya dari zile zile ambazo chini yake Shimoni inakumbuka walioshikwa utumwani. Mmoja wa popo wa mapangoni ni yule ambaye wataalamu humwita *Rousettus aegyptiacus*, mla matunda kama popo wa *Pteropus*, lakini mwenye kupiga ulimi na kusikiliza mwangwi ili ajue njia gizani. *Pteropus* mwenyewe hayuko bara. Ukitoka Shimoni ukavuka mkondo ndipo utamkuta Pemba, na wa Pemba hapatikani penginepo ulimwenguni. Basi mwaka 1991 watafiti wa Ujerumani, Thiele, Vogelsang na Hoffmann, waliifuata njia ya mishipa katika *Rousettus*, wakaikosa alama ya nyani: kila kilima cha ubongo kilipokea kutoka jicho la upande wa pili lote zima, kama ilivyo kwa wanyama wengineo. Kiungo kilichotoa ushahidi kwa mwenziwe wa ng'ambo kilikanusha hapa, na viumbe hivi viwili ni wa jamaa moja bila ya shaka ya mtu yeyote.

Kisha ukaja ushahidi ulioandikwa. Tangu miaka ya 1990, na kwa nguvu zaidi kuanzia mwaka 2000, wataalamu wameyasoma maandishi ya urithi yaliyomo katika kila chembe ya mwili, ambayo tumezoea kuyaita DNA, na hukumu yake imekuwa moja: popo wote ni wa nyumba moja, na nyumba hiyo iko karibu na ya farasi, mbwa na nyangumi kuliko ya nyani. Lililowashangaza hata waliotarajia hukumu hiyo ni kwamba popo wala matunda wako karibu zaidi na baadhi ya popo wadogo, wale wenye pua za mikunjo kama kwato au jani, kuliko popo hao wadogo walivyo karibu na popo wadogo wengine. Basi katika pango la matumbawe mla tunda na mla mdudu wananing'inia kwenye dari moja kama jamaa, na asiyewajua angeapa kwamba ni wageni.

Hapa wengi waliisoma hadithi kuwa imekwisha: Pettigrew alikosea, kufanana kumedanganya, Abu Hanifa ameshinda. Mimi siwezi kuifunga kwa wepesi namna hiyo, na sababu yangu ni hukumu nyingine ya Mtume (s.a.w.) ambayo kwa maoni yangu ni ya hekima kubwa mno. Saad bin Abi Waqqas na Abd bin Zam'a waligombania mtoto. Saad akidai kuwa ni wa ndugu yake Utba, na Abd akidai kuwa ni ndugu yake mwenyewe, aliyezaliwa kitandani pa baba yake. Mtume akamtazama mtoto, akaona kufanana na Utba kulikokuwa dhahiri, pamoja na hayo akahukumu kwamba mtoto ni wa mwenye kitanda. Hata hivyo akamwamuru mkewe Sawda binti Zam'a, ambaye kwa hukumu ile alikuwa dada wa mtoto, ajisitiri naye kwa ajili ya kufanana kule. Kufanana kulishindwa katika daawa ya nasaba, na bado hakukutupwa. Kulibakishiwa athari yake katika maisha ya watu wale.

Nadhani ndivyo itupasavyo kuamua juu ya popo. Ukoo umehukumiwa kwa maandishi ya urithi, na hukumu hiyo naikubali. Lakini ikiwa Pettigrew aliona sawasawa katika *Pteropus*, na wala sijaona sababu ya kumwita mwongo, basi mpango ule wa kuigawa dunia kati kwa kati ulipatikana katika nyumba mbili zisizorithiana, nao hauwezi kuelezwa kwa kusema kwamba mmoja aliupokea kwa mwenziwe. Kwa mtu aaminiye, hilo ni zito kuliko udugu. Kipawa cha urithi huonyesha ukoo tu. Kipawa kilichofika katika nyumba mbili kwa njia mbili huonyesha kwamba kazi yenyewe, ya kutazama mbele kwa macho mawili na kulifikia tunda au tawi gizani bila ya kulikosa, ina mpango wake uliokubaliwa na maumbile ya dunia kabla ya kiumbe yeyote kuufikia. Asiyeamini atasema ni haja ya kiumbe na muda mrefu, nami sitagombana naye juu ya muda. Ninachosema ni kwamba haja peke yake haitengenezi jicho pasipo dunia yenye kukubali kuonekana.

Mibuyu ya Diani hufungua maua yake jua likizama, meupe, makubwa, yakining'inia chini, na maua hayo huja kunywewa na popo wala matunda na pia na komba, kila mmoja akiondoka na chavua usoni. Maua hayakuuliza nasaba. Yule aliye wa ukoo wetu kwa mbali na yule asiye wa ukoo wetu hufikia kikombe kimoja kwa macho yaliyoelekea mbele, na mbuyu huzaa kwa wote wawili. Mimi sioni kwa nini adabu yetu kwa popo ingetegemea daawa ya Pettigrew kushinda au kushindwa, ingawa nimewasikia watu waliosoma wakisema kwamba popo angekuwa jamaa ya nyani wangemhurumia zaidi. Huruma ya namna hiyo ni ya kuhesabu koo, na mwenye kuhesabu koo huwa anatafuta mahali pa kukomea.

Al-Bayhaqi amepokea kauli ya sahaba Abdullah bin Amr bin al-As ya kukataza kuua popo, kwa kuwa, Baitul Makdis ilipobomolewa, popo alimwomba Mola ampe mamlaka juu ya bahari awazamishe waliobomoa. Mzee mmoja wa hapa Mkongani, ambaye miembe yake huliwa kila msimu, aliniuliza kwa uchungu kama kauli hiyo inamlazimisha kuyaacha maembe yake yote. Nilimjibu, "La, mzee wangu, mali yako ni haki yako: funika mwembe kwa wavu usiotanda ovyo ukawanasa, chuma embe likishapevuka kabla halijaiva mtini, washa taa ikiwa una uwezo; lakini usiende pangoni na moto wa matairi wakati wa watoto." Akaniuliza kwa nini wakati wa watoto hasa. Nikamweleza kwamba jike huzaa aghalabu mtoto mmoja kwa mara moja, humnyonyesha na huruka naye akiwa amemshika kifuani, na moshi ukiingia mama hutoka, na mtoto ambaye amekua na kuachwa ukutani akingoja hubaki. Na kwamba popo mmoja akifa hivyo hatatimizwa upesi, kwa kuwa hakuumbwa kuzaa wengi kama panya. Alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama ni kweli kwamba huwanyonyesha kifuani, kama wanadamu wanavyofanya, na nikamwambia ni kweli, titi moja kila upande.